Hujaniuliza Kama Nataka

NEEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo mwenzangu kaja na dodoso, eti anipime mahitaji yangu ya uzazi wa mpango.

ZUHURA: Maswali mawili tu, shoga. Unataka mtoto ndani ya miaka miwili ijayo?

NEEMA: Thubutu! Nilionao wananitosha.

ZUHURA: Unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango?

NEEMA: Situmii. Baba watoto yuko safari, miezi sasa. Nijikinge na nani?

ZUHURA: Hilo la safari haliandikwi. Una mume, basi unahesabiwa kuwa unaweza kushika mimba. Tayari, wewe ni mwanamke mwenye hitaji lisilotimizwa.

NEEMA: Hebu! Mbona hujaniuliza kama hiyo njia naitaka?

ZUHURA: Ndiyo maana nimekuja. Hitaji lako limekokotolewa tu: hataki mimba, hatumii njia, basi anahitaji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021, kati ya wanawake bilioni 1.9 wa miaka 15 hadi 49, bilioni 1.1 walihitaji uzazi wa mpango, na milioni 164 kati yao hawakuwa na njia yoyote.

NEEMA: Na mimi humo ndani na safari yangu ya mume.

ZUHURA: Sibezi takwimu hizo. Bila hizo, nani angetenga bajeti ya sindano na vidonge? Shida ni pale mtu anaposoma milioni 164 akadhani wote wamekosa zahanati. Ukiwauliza wenyewe, wengi wanakutajia hofu ya maudhi ya dawa, kutokwa damu ovyo, au kama wewe, wanakutana na waume zao kwa nadra.

NEEMA: Hayo huyamalizi kwa kuongeza maboksi ya dawa.

ZUHURA: Sasa geuza upande wa pili. Aliye na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi anahesabiwa ametimiziwa. Hata kama damu haikatiki na anataka kitolewe.

NEEMA: Halafu muuguzi anamwambia "vumilia, mwili utazoea".

ZUHURA: Ee! Kwenye jedwali huyo ni mafanikio. Anayehesabu siku ili asishike mimba, yeye anahamahama tu: jedwali moja linasema anatumia njia, jingine linamtoa kwa kuwa si njia ya kisasa.

NEEMA: Wewe si uliwahi kuwa mdodosaji?

ZUHURA: Msimu mmoja. Kuna mama nilimhoji, mama mkwe kakaa pembeni hachezi mbali. Utaratibu ni kumhoji mtu faragha, lakini mama mkwe unamwambiaje atoke kwenye nyumba yake? Yule mama akajibu kila kitu "hapana". Hatumii, hajawahi, hajui.

NEEMA: Angejibu nini na mkwe yupo!

ZUHURA: Nikaaga. Akanisindikiza hadi nje, akapandisha mkono wa gauni. Kijiti hicho hapo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, unajua wapi wanavitoa? Nimeenda mara mbili wamenirudisha."

NEEMA: Maskini. Na fomu umeshaijaza.

ZUHURA: Nikamwelekeza nilipopajua. Halafu nikafungua fomu, nikafuta "hatumii", nikaweka "anatumia".

NEEMA: Kwa hiyo kwenye hesabu...

ZUHURA: Akawa mwanamke aliyetimiziwa mahitaji yake.