Kichwa cha Changu Kimekwenda Wapi?

BIUBWA: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena barazani. Miye Biubwa, na huyu wa pembeni mnamjua, leo kavaa kofia ya sikukuu siku ya Jumanne.

FAKI: Waalaykumu salaam. Zilizobaki zote zimefuliwa. Endelea.

BIUBWA: Leo tulipanga tuzungumzie hii migahawa ya siku mbili tatu inayoibuka pwani. Watu wanatandika meza mchangani, wanakuchomea samaki, Jumatatu ukipita hukuti hata jivu. Nimeandika mambo manne ya kuangalia kabla hujakaa, karatasi hii hapa. Lakini kwanza nina kesi.

FAKI: Kesi imeanza Jumamosi usiku, wasikilizaji. Kanipigia simu nishalala, nikajua kuna msiba. Naitika, nasikia: "Faki, wameninyima kichwa."

BIUBWA: Sikusema wameninyima. Nimesema wamenipora.

FAKI: Haya, wamekupora. Kichwa cha nani?

BIUBWA: Cha changu.

FAKI: Chako?

BIUBWA: Cha changu! Samaki! Usinianze mapema. Sikilizeni. Nimekwenda na wifi yangu huko kusini mwa Unguja, kijiji sikitaji.

FAKI: Kitaje.

BIUBWA: Sikitaji, nina jamaa pale. Tumefika jua linataka kuzama. Ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na mnajua bamvua la huku: maji yamejaa saa kumi jioni, mpaka magharibi yanakwenda zake. Basi wale vijana wanangoja maji yatoke ndipo waweke meza. Mchanga bado umelowa, kila ukicheka kiti kinazama kidogo. Wifi yangu mnavyomjua alivyo, tulipofika kwenye chai kidevu chake kiko sawa na meza.

FAKI: Na wao hawakulijua hilo? Maji ya bamvua yanapanda mita nne hivi, mchanga ule utakauka saa ngapi?

BIUBWA: Wanalijua, lakini wageni wanataka picha na mawimbi nyuma. Mimi hilo silaumu, pazuri kwa kweli. Hakuna karatasi ya vyakula, kuna kibao kimeandikwa chaki: changu, pweza, ngisi, kamba, kaa. Kilichopatikana leo ndicho hicho, kikiisha wanafuta.

FAKI: Dagaa hamna?

BIUBWA: Mwezi ule! Dagaa wa taa unamvua kwenye giza, weye Mpemba mzima unaniuliza dagaa mwezi kumi na nne?

FAKI: Nilikuwa nakupima.

BIUBWA: Umenipima. Sasa pweza wao, nasema haki, sijala pweza wa nazi mlaini kama yule siku nyingi. Nikamuuliza mpishi, akaniambia kinamama wa pale pale wameshuka asubuhi maji yalipokupwa, saa nne kashapigwa, mchana yuko chunguni. Tui zito, ndimu haikuzidi. Hapo nimeridhika roho.

FAKI: Uliweka kwenye karatasi kwamba uliridhika?

BIUBWA: Sikiliza. Nikaagiza na changu wa kupaka. Yule kijana kaniletea samaki mzima nimwone. Matamvua mekundu, jicho linang'ara, kama anataka kunisalimia. Kamtia kwenye mizani mbele yangu, kilo moja na robo. Kilo shilingi 32,000, kwa hiyo arobaini elfu. Nikasema sawa, mchome. Tumekaa, tumekaa. Inakuja sahani, jani la mgomba, samaki kapasuliwa, katolewa mifupa, kapakwa tui, kando kipande cha ndimu. Kichwa hakuna! Mkia hakuna!

FAKI: Paka.

BIUBWA: Si paka! Nimemwita kijana: "Mwanangu, kichwa kimekwenda wapi?" Ananambia, "Mama, wageni hawapendi samaki awaangalie wakila."

[kicheko]

FAKI: Wallahi kasema kweli! Nilikuwa na jamaa yangu jikoni hotelini huko kaskazini, mgeni alifunika jicho la samaki kwa jani la saladi. Kala huku anageuza uso.

BIUBWA: Huyo mgeni afunike jicho. Mimi ni mgeni wa nani? Nimetoka Mji na gari ya abiria, nimevaa buibui, nazungumza naye Kiswahili. Wageni gani hao hawapendi?

FAKI: Kwani weye hupendi kupumzishwa mifupa?

BIUBWA: Nataka shavu! Ile nyama ya shavu la changu, chini ya jicho. Hivi kuna sehemu ya samaki inayoizidi?

FAKI: Hapo hatugombani. Ila kichwa cha changu ni cha kuchezea. Kichwa khasa ni cha chewa. Kwetu kichwa cha chewa kinapikwa peke yake, supu, ndimu, thomu, pilipili mbuzi, na nyumba nzima inakula.

BIUBWA: Kwenu Pemba kila kitu ni kikubwa zaidi.

FAKI: Chewa ndiye mkubwa, mimi nimemkuta. Na kichwa kina mwenyewe, hakiguswi ovyo. Kwetu aliyevua ndiye anayewekewa.

BIUBWA: Kwetu anawekewa babu. Sisi watoto tunakaa tunamwangalia anavyonyonya mfupa mmoja mmoja, tunasubiri jicho. Babu alikuwa na zamu zake za jicho, leo huyu kesho yule, na alikuwa anasahau kwa makusudi.

FAKI: Jicho lile jeupe gumu mnatafuna?

BIUBWA: Lile la katikati tunatema. Ile nyama ya kuzunguka, ile inayoteleza.

FAKI: Kuna watu sasa hivi wamezima simu.

BIUBWA: Wazime! Walioko nasi ndio wenyewe. Tena juzi nimeuliza tu kwenye kundi letu la wasikilizaji, kichwa cha samaki nyumbani kwenu anakula nani, sauti zimemiminika. Mama mmoja wa Mkoani anasema yeye na mumewe tangu kuoana hawajawahi kukubaliana, kwa hiyo ananunua samaki wawili wadogo kuliko mmoja mkubwa.

FAKI: Huyo ana akili. Na yule wa Makunduchi?

BIUBWA: Yule anasema mkwewe alipokuja kuposa aliwekewa kichwa kumtazama. Akikila vizuri kwa mkono, mifupa ikabaki mitupu, mtu. Akikiacha nusu, wanafikiria tena.

FAKI: Akaoa?

BIUBWA: Kaoa, lakini anasema alikitafuna mpaka na mifupa, wakaogopa.

[kicheko]

FAKI: Haya, kesi yako sasa. Nani mshitakiwa?

BIUBWA: Hapa natulia. Samaki kapimwa na kichwa. Nimelipa na kichwa. Changu si kama nguru, kichwa chake si kidogo. Basi kama hawataki kunipa, wampime baada ya kumkata. Vyenginevyo wameniuzia kitu na wamekibakisha jikoni.

FAKI: Na mimi nasema hapana. Unalipa samaki wa kupikwa, hulipi vipande. Kule jikoni kuna vijana wanne watano wanapuliza makaa tangu alasiri. Vile vichwa ndiyo chungu chao cha usiku. Hiyo ni riziki ya jikoni, iko siku zote, hotelini iko, kwenye harusi iko. Mpishi wa harusi akibakisha utumbo na miguu ya ng'ombe, nani anamshitaki?

BIUBWA: Mpishi wa harusi mmepatana naye kabla!

FAKI: Mabaharia je? Chombo kikija, kabla samaki hawajafika mnadani, kila baharia anatoa kitoweo chake. Dalali anaona, mnunuzi anaona. Anayepiga kelele nani?

BIUBWA: Kwa sababu mwenye chombo anajua, nahodha anajua, na samaki wa kitoweo hatiwi kwenye hesabu ya mnada. Hawampimi wakanilipisha mimi, halafu baharia akenda naye nyumbani. Unaona tofauti? Mtu hupewa, hajipi. Angesema, "Mama, kichwa tunaomba kibaki jikoni," Wallahi ningempa na mkia juu.

FAKI: Ungempa?

BIUBWA: Ningempa.

FAKI: Umenipigia simu usiku ule, hukuwa na sauti ya mtu anayetoa.

BIUBWA: Kwa sababu hakuomba! Chukua wale vijana wanaopara samaki sokoni. Umewapa samaki wako, wanapara, wanatoa matumbo, wanarudisha kila kitu mfukoni. Wakitaka mapezi au mayai wanauliza, "Vipi bibi, unayataka haya?" Hawa wana haki ndogo kuliko wa jikoni?

FAKI: Wale unawalipa kwa kazi yao pale pale, mkononi. Wa jikoni anangoja mwisho wa mwezi, na mgahawa wenyewe una siku tatu, mwisho wa mwezi uko wapi? Kile kichwa ndiyo kitu pekee anachojua kinamfikia leo.

BIUBWA: Basi tajiri yake amlipe! Asinilipishe mimi ujira wake kwa mlango wa nyuma, ananiuzia kichwa halafu anamlipa kijana kwa kichwa hicho hicho.

FAKI: Tajiri yake ni kijana mwenzake, wameshirikiana jiko na turubai.

BIUBWA: Sasa wananidhulumu kwa ushirika.

FAKI: Umesema "wananidhulumu" kwa mfupa.

BIUBWA: Kwa kilo! Kwa kilo niliyolipa!

FAKI: Ah. Mimi siwezi kusimama na kukwambia uwanyang'anye vijana wale.

BIUBWA: Na mimi siwezi kukwambia mizani haina maana.

[kimya]

FAKI: Tukae hivi hivi?

BIUBWA: Tukae. Na kuna jambo hujanijibu. Kichwa ndicho kinanambia yule samaki niliyeonyeshwa ndiye niliyeletewa. Jicho na matamvua ndicho cheti chake. Ukishampasua, ukamtoa kichwa, ukampaka tui na ukwaju, mimi najuaje kama si wa jana yake?

FAKI: Hilo nakubali lina uzito, lakini kichwa hakikusaidii kila samaki. Changu aliyeharibika utamnusa. Jodari, nguru, hata kibua, hao wana balaa nyengine. Wakikaa juani bila barafu, nyama yao inafanya histamini, na ikishafanyika moto hauiondoi. Choma utakavyo, kaanga utakavyo. Unakula mtamu, hana harufu, baada ya muda uso mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Mtu anasema, "Mimi samaki wananidhuru," maisha yake yote hali samaki, kumbe ni mtu mmoja tu hakununua barafu.

BIUBWA: Hiyo ilikuwa ya tatu kwenye karatasi yangu.

FAKI: Samahani.

BIUBWA: Nilikuwa nimeiandalia na mfano.

FAKI: Mfano gani?

BIUBWA: Basi tena, ushaimaliza.

FAKI: Tuanze ya kwanza. Wasikilizaji, jambo la kwanza katika manne ya Bi Biubwa...

BIUBWA: La kwanza ni kibali. Chakula kinachouzwa kinasimamiwa, kuna Wakala wa Chakula na Dawa wa hapa Zanzibar, na mtu hata akiuza siku tatu...

FAKI: Subiri, kuna sauti moja hatujaitaja. Kaka mmoja wa Fumba anauliza: je, hao vijana walipokula kichwa, wifi yako alikuwa wapi?

BIUBWA: Alikuwa ameshazama mpaka kifuani.

[kicheko]

FAKI: Wifi yake, samahani, tunakupenda. Anasema pia, yeye anaona suluhisho ni rahisi, mgahawa uweke bei mbili, samaki na kichwa, samaki bila kichwa.

BIUBWA: Mwenye kichwa awe ghali?

FAKI: Asiye na kichwa awe ghali, kwa sababu ya kazi ya kumtoa mifupa.

BIUBWA: Yaani nilipe zaidi ndiyo waninyime? Kaka wa Fumba, weye na Faki mmepanga.

FAKI: Sijapanga naye. Ila namtafuta tukanywe kahawa.

BIUBWA: Saa ngapi hiyo?

FAKI: Saa kumi kasoro tano. Watoto wa chuo cha Kurani wanaingia, maalim kashapita dirishani mara mbili, na chumba ni chao.

BIUBWA: Na manne yangu?

FAKI: Soma moja tu. Lile kubwa.

BIUBWA: Kubwa ni kuuliza bei kabla samaki hajagusa mizani, na kuuliza anapimwaje.

FAKI: Hilo si kubwa. Kubwa ni kuangalia kama wana barafu.

BIUBWA: Faki, karatasi ni yangu.

FAKI: Karatasi yako, lakini tumbo la watu. Aende kwanza kwenye sanduku, afunue, aone barafu. Bei baadaye.

BIUBWA: Akishafunua sanduku la mtu bila kuulizwa, hata huyo samaki hatauziwa. Bei kwanza.

FAKI: Barafu.

BIUBWA: Tumefunga. Wiki ijayo tunazungumzia boti ya Pemba wakati wa kusi na watu wanaotapika. Tutumieni sauti zenu.

FAKI: Wapemba hatutapiki.

BIUBWA: Nina mashahidi. Maalim, tunatoka, tunatoka! Faki, chomoa waya huo, si huo, ule mwengine...