Nani Mwingine Ameikataa Kazi Hii?

Asanteni, kaeni. Naona waliowahi kunisikia wameshaanza kutabasamu. Wanajua nitaishia wapi. Mratibu kanipa nusu saa na mada ndefu kama treni: kanuni za matumizi ya ndege katika kuzima moto wa misitu. Nikiigawa nusu saa hiyo sawasawa kwa kila kanuni, mtatoka na orodha, na orodha mnazo kabatini zinakula vumbi. Nitakaa kwenye kanuni moja. Nyingine nitazipitia mbiombio, mtanisamehe.

Kwamba ndege peke yake haizimi moto wa msituni, bali inaupunguza kasi ili walio chini wapate kuuzingira, hilo nyote mnalijua, silirudii. Kinachotusumbua ni neno dogo: hapana. Rubani akishalitamka, linakwenda wapi?

Twendeni Australia, jimbo la New South Wales, tarehe 23 Januari 2020. Joto kali, upepo mkali. Kituo cha uratibu kinataka ndege kubwa ziende kumwaga dawa ya kuzuia moto eneo la Adaminaby. Kwa kawaida ndege kubwa hutanguliwa na ndege ndogo elekezi. Rubani wake huipima njia, huangalia milima, moshi na upepo, kisha humwambia rubani wa ndege kubwa apite wapi. Siku hiyo rubani wa ndege elekezi aliikataa kazi kwa sababu ya hali ya hewa. Boeing 737 ikaenda, ikamwaga mzigo mmoja, rubani wake akasema harudi tena huko. Hapana mbili hizo, za watu wawili wenye uzoefu.

Ndege ya tatu, C-130 yenye Wamarekani watatu ndani, ikaendelea na safari kuelekea huko huko.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulikosea, nami sitaki mlikosee. Wale watatu hawakuwa gizani kabisa. Wakiwa njiani walizungumza redioni na wenzao wa 737, wakaambiwa hali ilivyo. Lakini hiyo ilikuwa rubani kumwambia rubani. Kwamba ndege elekezi nayo imekataa, habari hiyo kituo kilikuwa nayo, wao hawakuambiwa. Walifika Adaminaby, wakajionea, hawakumwaga. Wakapelekwa kwenye moto mwingine karibu na Cooma. Wakamwaga sehemu ya mzigo, wakakata kona kushoto, moshi ukiwa mzito na upepo ukibadilika-badilika, wakiwa chini mno kiasi kwamba ndege ilipopoteza nguvu ya kuelea haikuwa na anga ya kujiokolea. Wote watatu walikufa.

Ripoti ya wachunguzi wa usalama wa usafiri ilitoka mwaka 2022. Someni sehemu inayohusu kituo, si ile ya bawa na kasi tu. Inasema mamlaka iliyozituma ndege haikuwa na utaratibu wa nini kifanyike kazi ikikataliwa. Kuituma ndege, utaratibu upo. Kulipokea kataa la rubani na kulipeleka kwa anayefuata, haupo.

Kuna bwana pale mbele anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: rubani ndiye mwenye kauli ya mwisho, si angekataa tu? Nimelisikia mara mia. Haya, una paa bovu. Fundi wa kwanza anapanda ngazi, anagusa mbao, anashuka: "Mzee, zimeoza, mimi sipandi." Unamlipa nauli, unamwita fundi wa pili, humwambii kitu. Akianguka, utasema naye alikuwa na macho? Alikuwa nayo. Lakini wewe ulikuwa na habari, na ulikaa nayo mfukoni.

Marekani wana kanuni ya jambo hili, imeandikwa kwenye kijitabu anachotembea nacho kila mzima moto wa msituni. Ina sehemu mbili. Anayekataa aseme kwa nini, na kama anaona njia salama zaidi, aitaje. Na mkuu akitaka kumpa mtu mwingine kazi ile ile, ni wajibu wake kumwambia kwamba imekwisha kukataliwa, na sababu zilizotolewa. Haisemi wa pili naye akatae. Anaweza kuwa na ndege nyingine, mzigo mwepesi, au upepo umetulia. Inasema aamue akiwa na habari yote.

Hapo kanuni iko kwenye karatasi. Niliwahi kukaa na fomu ya kituo kimoja, sikitaji, ya kuitia ndege. Ilikuwa na nafasi ya jina la rubani aliyekubali, saa aliyokubali, lita alizobeba, hata aina ya mafuta. Nikamuuliza kijana wa zamu: aliyekataa unamwandika wapi? Akaniambia, bila kutania, "Huyo hatumwandiki, maana hakuja."

Hakuja! Ndiye aliyeliona lile bonde, ndiye asiyeandikwa.

Pingamizi la pili, kabla hamjaliuliza: kila mtu akiruhusiwa kukataa, watu wataungua. Na mtanitajia moto wa Cedar, California, 25 Oktoba 2003. Helikopta ya polisi inamtafuta mwindaji aliyepotea, rubani anauona moto ukiwa bado mdogo, anaomba msaada wa anga. Jioni imeingia, na kanuni ya jimbo wakati huo ilizuia kuzituma ndege ikibaki nusu saa jua lizame. Moto ule uliua watu 15 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Sisemi ndoo chache za maji zingeuzima; hakuna anayeweza kuapa hivyo. Lakini angalieni nani aliyekataa. Ilikataa saa ya ukutani. Kataa la rubani linatoka kwenye macho yake, na linakuja na sababu unayoweza kuijibu. Saa huwezi kuijibu. Unachoweza ni kuibadilisha kanuni vifaa vikibadilika, na leo California ina helikopta za kufanya kazi usiku, marubani wakivaa miwani ya kuonea gizani.

Dakika zimekwisha? Tano? Haya, mbiombio.

Mwinuko wa kumwagia. Juu mno, mzigo unageuka ukungu na upepo unauchukua. Chini mno, unashuka ukiwa bado na mwendo wa ndege. Mwaka 2018 California, mzigo wa Boeing 747, ndege iliyokuwa ikibeba lita 70,000 na ushei, ulishuka kutoka chini kuliko ilivyokusudiwa, ukavunja miti, mzima moto akafa. Ndiyo maana watu huondolewa kwanza kwenye mstari wa kumwagia. Maji hayo si mvua.

Droni. Januari 2025, Los Angeles, anga imefungwa kwa amri, mtu anapanda juu ya jengo la kuegeshea magari, anarusha kidroni chake akatazame moto, kinakwenda zaidi ya kilomita mbili hadi hakioni tena, kinaitoboa bawa ndege ya kuzima moto aina ya Canadair, iliyotoka Québec, Kanada. Ilitua salama, lakini ilikaa chini siku kadhaa huku moto ukiendelea. Huyo alishakiri kosa mahakamani.

Dawa na mito: Marekani wanaacha takriban mita 90 kutoka kwenye maji, isipokuwa maisha ya watu yakiwa hatarini, kwa sababu ndani yake mna chumvi za amonia zile zile za mbolea, na samaki hawazipendi. Kesi ilifika mahakamani Montana, jaji mwaka 2023 akaruhusu dawa iendelee kutumika huku kibali kikitafutwa. Hilo peke lake ni mhadhara. La ndege za jeshi nalo nimeliacha.

Kabla ya maswali, chukueni ile fomu mliyoikuta juu ya viti. Ndiyo, ndiyo ile ya kituo kile, nimefuta jina. Tafuteni nafasi ya jina la aliyekubali. Mmeiona? Sasa toeni kalamu, pigeni mstari hapo juu yake, andikeni: "Aliyekataa, saa, sababu." Wewe wa nyuma huna kalamu? Mpeni kalamu.