Alipigwa viboko, akapigwa picha

Asanteni, kaeni tu. Nyie wa nyuma sogeeni mbele maana vitu nilivyokuja navyo leo ni vidogo kwelikweli. Nina kadi kumi hapa, nimeziprinti kwa saizi ileile ya zamani, kama sentimita 6 kwa 10, pitishianeni mkono kwa mkono, mkishaangalia zinirudie, nasema zinirudie, bei ya karatasi ya picha siku hizi mnaijua wenyewe.

Haya. Aliyeshika ya yule jamaa wa mgongo hebu wanyanyulie wenzako. Wengi mmeshaiona kwenye simu. Kakaa kwenye kiti bila shati, mgongo katugeuzia sisi, uso kaupeleka pembeni, mkono wa kushoto kashika kiuno. Na huo mgongo sio alama za bakora za shuleni jamani, ni manundu, yamepanda juu ya ngozi yakapitanapitana kama mizizi ya mikoko maji yakishakupwa.

Huyu anaitwa Peter, alikuwa mtumwa. Mwaka 1863, Marekani wako katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akatoroka shamba huko Louisiana, akatembea mpaka kambi ya jeshi la Kaskazini, waliokuwa wanapigana na majimbo ya watumwa ya Kusini, mji wa Baton Rouge, na pale mjini kulikuwa na mafundi wawili wa kamera, McPherson na Oliver, wakampiga picha. Sasa hapo nataka mkisikilize Kiswahili chetu. Alipigwa viboko, akapigwa picha. Neno moja! Mi nimekaa studio miaka na miaka sijawahi kuliwaza hilo mpaka nilipokutana na huyu mtu. Kwenye kila picha kuna anayepiga na kuna anayepigwa, na leo nataka tumuulizie huyo wa pili.

Lakini kwanza mjue kwanini hii kadi ilikuwa silaha. Picha za mwanzo zilizoenea, miaka ya 1840, zilikuwa zinatokea moja kwa moja kwenye bati la shaba lililopakwa fedha, moja ndo hiyohiyo, hakuna negative, yaani ile picha ya kinyume ya kuchapia nakala, hakuna kopi, ukiipoteza imepotea. Halafu ikaja negative ya kioo, na mwaka 1854 jamaa wa Paris anaitwa Disdéri akasajili mbinu ya kupiga picha kadhaa ndogo kwenye kioo kimoja, unachapa kwenye karatasi, unakata, unabandika kwenye kadi. Rahisi, inaingia kwenye bahasha, inaingia mfukoni, watu wakaanza kuzikusanya kwenye albamu kama wanavyofanya sasa na stika. Kwa hiyo mgongo wa Peter ukatoka Louisiana ukaingia sebuleni kwa watu wa Kaskazini ambao hawajawahi kuona shamba la pamba. Gazeti moja la New York likasema kadi hii izidishwe mara 100,000 imwagwe majimbo yote.

Na wenye watumwa walikuwa na jibu lao la siku zote, kwamba wapinga utumwa wanatia chumvi, michoro yao ya kubuni, watumwa wenyewe wanaishi raha mustarehe. Sasa Peter mwenyewe alieleza kwamba baada ya kuchapwa, nyapara alimwagia maji ya chumvi mgongoni, akalala miezi miwili. Kwa hiyo chumvi ilitiwa kweli, ila sio na wapinga utumwa.

Tarehe 4 Julai 1863 gazeti la Harper's Weekly likamtoa, na hapa kuna kituko. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha yenyewe, ilibidi fundi aichonge upya kwenye mbao. Wakachonga michoro mitatu: mtu kavaa matambara, huu mgongo, na mtu huyohuyo kavaa magwanda ya jeshi, wakasema wote ni mtu mmoja anaitwa Gordon. Kuna watafiti wa siku hizi wanaona Gordon na Peter ni watu wawili tofauti kabisa. Yaani mgongo wake umezunguka dunia nzima halafu jina likawa la mwingine.

Mi sisemi picha ile ilikuwa mbaya, ilifanya kazi. Ila inaniuma kidogo, na ngoja niwaambie kwanini. Miaka ya nyuma niliajiriwa na shirika fulani, silitaji, nikapige picha za watoto kijijini kwa ajili ya ripoti ya wafadhili. Kuna katoto kalikuja kamevaa viatu vyake vya Idi, vyeupe, alivifuta mwenyewe kwa kanga ya mama yake nikimwona. Akaambiwa avue. Akavua akaviweka pembeni, akasimama kwenye vumbi akawa anaviangalia vile viatu, haangalii kamera. Nikapiga. Na hela nikala.

Sasa mwenye ile kadi ya bibi mwenye miwani yuko wapi? Eeh, nyanyua. Huyo ndo Sojourner Truth. Alizaliwa utumwani jimbo la New York miaka ya mwisho ya 1790, lugha yake ya kwanza Kiholanzi, kusoma na kuandika hajui, akajitoa utumwani 1826, baadaye akawa anazunguka akihutubia kupinga utumwa. Mwangalieni: kofia nyeupe, shali, miwani, sindano na uzi wa kufuma mkononi, mezani kuna maua na kitabu. Ni bibi wa mtu! Mkono wake wa kulia uliumia vibaya akiwa mtumwa, angeweza kuuweka mbele watu wakalia, hakuuweka. Chini ya picha kaandikisha maneno kwa Kiingereza, kwa Kiswahili mi nayasema hivi: "Nauza kivuli, nitunze kiwiliwili." Kivuli zama zile ndo walivyoita picha, wapiga picha wenyewe walikuwa wanaitangazia biashara hivyo.

Halafu akafanya kitu kimoja cha ajabu, mwaka 1864 akasajili haki miliki kwa jina lake. Kadi nyingi za wakati ule utakuta jina la studio, yake ina jina lake yeye mwenye sura. Inasimuliwa alikuwa akisema zamani aliuzwa kwa faida ya wengine, sasa anajiuza mwenyewe kwa faida yake. Huyu hakupigwa, huyu alijipigisha!

Frederick Douglass, naye alitoroka utumwa akawa mpinga utumwa maarufu, hivyohivyo, kama picha 160, wanasema hakuna Mmarekani wa karne ile aliyepigwa picha kuliko yeye, na huwezi kumkuta anacheka, kakunja uso kama mzee wa baraza. Alishaandika 1849 kwamba wachoraji weupe hawawezi kumchora mtu mweusi bila kumharibu, kwa hiyo kamera aliipenda, na 1861 akasimama Boston akatoa mhadhara mzima juu ya picha, huku vita vinapiganwa.

Linganisheni na michoro ya wapinga utumwa ya kabla ya picha za kamera. Ile nishani ya Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Uingereza, 1787, mtu mweusi kwenye minyororo anauliza kama yeye si mtu na ndugu, akinamama wakaivaa kwenye bangili na pini za nywele. Inasaidia, sawa, lakini kapiga magoti. Na ule mchoro wa meli ya watumwa ya Brookes, watu 482 wamepangwa kama dagaa, hakuna hata mmoja mwenye sura.

Na kamera nayo sio malaika. 1850 profesa Agassiz wa Harvard alipigisha picha za watumwa huko South Carolina, mzee Renty na binti yake Delia, wamevuliwa nguo, ili athibitishe weusi ni asili nyingine. Zikaja kuonekana 1976 kwenye dari la makumbusho. Mama mmoja anayesema Renty ni wa mababu zake akashtaki 2019, mahakama ikamwambia picha ni ya mpigaji, sio ya anayepigwa. Mpaka 2025 ndo wakaelewana zihamie makumbusho ya Charleston.

Hata huku kwetu ipo. 1868 meli ya Waingereza Daphne ilikamata jahazi la watumwa baharini, wakapigwa picha juu ya sitaha, mbavu zinahesabika. Miaka mitano baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash akasaini soko la watumwa la Unguja lifungwe. Jina la nahodha Sulivan lipo, la meli lipo. Ya wale waliokaa chini hayapo.

Dada pale anauliza kama bibi Sojourner alitajirika. Wapi! Aliziuza kwenye mikutano na kwa posta, zikamsaidia nauli na kula, basi, akafia Battle Creek 1883.

Haya, leteni kadi zangu. Saba, nane, tisa. Tisa? Inayokosekana ni ya bibi mwenye miwani, naijua. Aliyekaa nayo asione aibu, ila ajue yule bibi alikuwa hagawi bure, tatu kwa dola.