Kamba Imo, Lakini Haikabwi

Habari za asubuhi, jamani. Mliokaa nyuma sogeeni, maana vitu nilivyoleta ni vidogo.

Hii ni klachi ya kamba. Wengi wenu mmekulia kwenye jahazi, ambako henza, kamba ya kupandishia tanga, ikishavutwa hufungwa, basi. Kwenye yoti kamba sita saba hutoka mlingotini zikaja kwa nahodha, na winchi, ile ngoma ya kuzungushia kamba ili kuivuta, huenda ikawa moja tu. Kwa hiyo unavuta henza kwa winchi, unalaza mkono wa klachi, kamba inabanwa, winchi inabaki huru. Chungulieni humu ndani: mna ulimi wa chuma wenye meno. Tanga likivuta kamba, ulimi unageuka na kuikandamiza kwenye kitako.

Klachi hii kipimo chake ni 8 hadi 14, yaani milimita za unene wa kamba. Sasa mtu ana kamba ya 8, anasema imo. Imo, kweli, lakini ulimi umeshageuka mpaka karibu na mwisho wake na nguvu ya kukaba imepungua. Kamba nene ndiyo inayoshikwa sawasawa. Spinlock wa Uingereza huuza klachi yao ya XTS kwa vipimo viwili, 6 hadi 10 na 8 hadi 14. Kamba ya 10 inaingia kote kuwili. Mimi nachukua ya kwanza. Ila nipime kwanza kwa vernia, kile kipimo cha unene, nisiamini karatasi ya dukani, kwa sababu kamba ikizeeka huvimba na kukakamaa, halafu inakwama humo siku upepo umechafuka na unataka tanga lishuke upesi.

Kuna mwenye yoti aliniita akilalamika klachi zake zimekufa. Alikuwa ametoa henza ya polyesta ya milimita 12 akaweka ya Dyneema, nyuzi za plastiki zilizo imara sana, ya milimita 8, kwa kuwa aliambiwa ina nguvu kuliko ile ya zamani. Ni kweli ina nguvu. Lakini klachi haijui nguvu ya kamba, inajua unene na ngozi yake. Nilishona uzi mwekundu kwenye kamba mbele ya klachi, tukatweka, tukalegeza winchi. Kuteleza kidogo meno yanapouma ni kawaida. Ule uzi ulikwenda vidole vinne, na tanga likafanya makunyanzi mbele.

Kubadilisha klachi zote ni ghali. Tuliinenepesha kamba: tukaivisha ala ya pili, kama mita mbili, pale tu inapokaa ndani ya klachi tanga likiwa juu, ncha tukazichonga ziwe nyembamba ili zisikwame kwenye kapi. Kwa tanga la mbele linaloviringishwa, mahali hapo ni pamoja tu. Tanga kuu ni shughuli, maana ukilipunguza kwa upepo mkali henza inashuka, na kipande kingine kabisa ndicho kinachobanwa. Huyu bwana nilimshonea ala mahali patatu, na vidole vyangu vikaniambia nimezeeka.

Na usifungue klachi yenye mzigo kwa ubabe. Rudisha kamba kwenye winchi, kaza mpaka mkono wa klachi uwe mwepesi, ndipo unyanyue. Ukiiachia ghafla, kamba inachomoka kwa kasi, inaungua ngozi, na ikikupitia kiganjani utaungua nawe.

Shika hii, kijana, ipitishe. Kisha nani ana vernia?