Kaki, Mabaka na Mchanga: Mhadhara wa Jioni, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Mnaona sikuja na kombati ya jeshi. Sheria inamkataza raia kuivaa, na wauza mitumba wa Tanga wanalijua hilo kunishinda.

Nianze na kaki. Neno lenyewe ni la Kiajemi, lenye maana ya vumbi, likapitia Kiurdu hadi kwetu. Miaka ya 1840, kule Peshawar, Pakistani ya leo, afisa Mwingereza Harry Lumsden aliwavisha askari wake nguo za rangi hiyo ya vumbi, wakati wenzao wangali na makoti mekundu. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India likashuka hapa Raskazone likiwa na kaki, na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nao kaki. Nyuki walipofumuka katikati ya mapigano, wakauma pande zote; hawakuuliza sare.

Lakini rangi moja haitoshi. Jicho hutafuta umbo: kichwa, bega, kivuli. Kazi ya mabaka ya kombati ni kulivunjavunja umbo hilo, na chui aliijua kabla yetu.

Sasa tazameni Wamarekani. Mwaka 1962 walibuni mabaka ya jangwa ya rangi sita, yenye vidoa vyeusi na vyeupe vya kuigiza kokoto na vivuli vyake. Askari wakayaita biskuti za chokoleti. Waliobuni walikuwa na majangwa ya kwao akilini, yenye mawe na kokoto. Vita vya Ghuba vya 1991, dhidi ya Iraki, vikawapeleka penye mchanga mtupu, na kokoto hawakuziona ila kwenye nguo zao! Kidoa kilichowekwa kikufiche ndicho kikawa kinakutangaza. Yakaja mabaka ya rangi tatu, vidoa vikaondolewa.

Waingereza wao walichekesha zaidi: mabaka yao ya jangwa ya rangi nne walikuwa wameshaiuzia Iraki. Ilipobidi wapigane nayo, wakachapisha mengine ya rangi mbili.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama kweli wanajeshi waliwahi kupaka gari pinki. Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960, makomando wa SAS wa Uingereza walizipaka Land Rover zao rangi ya waridi, kwa sababu jua likichomoza au likizama, jangwa lenyewe huwa hivyo. Asiyeamini ashuke Raskazone kesho alfajiri autazame mchanga, kisha aje anitajie rangi aliyoiona.