Meza Iliyojaa na Meza ya Mtu Mmoja

(Mazungumzo ya jioni na vijana na wazee, Mwanga, Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Naona wengine mmekaa karibu na mlango, tayari kutoka nikianza kuhubiri. Sogeeni tu. Nimegawa karata miaka saba kwenye kasino moja ya Dar es Salaam, sina uso wa kuhubiria mtu.

Mchezo wenyewe ni blekijeki, yaani ishirini na moja. Mnaocheza lasti kadi mtaushika upesi. Unapewa karata mbili, unaongeza au unasimama, unatafuta kuikaribia 21 bila kuipita. Wazungu wote watatu, yaani karata za picha, ni kumi kumi, ree ni moja au kumi na moja. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 kushuka chini anaongeza, akifika 17 anasimama. Sasa kama kafungwa mikono hivyo, kasino inakula wapi? Inakula kwenye zamu. Wewe unacheza kwanza. Ukipitiliza, dau limekwenda, hata kama mgawaji naye angepitiliza muda mfupi baadaye. Ni hapo tu. Taa na mazulia ni mapambo.

Katika miaka ile hakuna nililoulizwa sana kama hili: nikae kwenye meza yenye watu, au nimsubiri mgawaji aliye peke yake? Wengi waliikimbia meza yenye watu, na sababu yao ilikuwa moja. Jirani asiyejua anaharibu karata.

Nikumbuke usiku mmoja. Meza imejaa, watu saba. Mgawaji ni mimi, karata yangu ya wazi ni sita. Kwenye kiti cha mwisho kuna kijana ana 12. Mbele ya sita, 12 husimama. Kila mzoefu anajua hilo. Yeye akagonga meza kwa kidole, ongeza. Akapata mzungu, 22, kwisha. Nikafunua yangu ya chini: kumi, jumla 16. Nikavuta, ikaja tano. Ishirini na moja. Nikakusanya chipu za meza nzima, na watu sita wakamgeukia yule kijana kana kwamba kawaibia. Mzee mmoja alisimama, akahamia meza nyingine bila kuaga. Hoja yao: angesimama, yule mzungu angeniangukia mimi, ningekuwa na 26.

Ni kweli, usiku ule. Lakini nimeona mara nyingi tu mtu wa kiti cha mwisho akivuta kimakosa, akaichukua ile tano, mimi nikabaki na mzungu nikapitiliza. Hakuna aliyempa mkono. Tunamlaumu jirani kwa hasara, faida tunasema ni akili zetu.

Tulifanye hapa hapa. Hizi ni karata 13 zilizochangwa, nne ndani yake ni za kumi. Kijana, chukua ya juu, usiifunue, itie mfukoni. Karata inayofuata ina nafasi gani ya kuwa ya kumi? Mmoja amesema imepungua. Hesabuni. Kama ya mfukoni ni ya kumi, zimebaki 3 kati ya 12. Kama siyo, zimebaki 4 kati ya 12. Lile la kwanza hutokea mara 4 katika 13, la pili mara 9. Zidisheni, jumlisheni: 4 mara 3 na 9 mara 4 ni 48, juu ya 13 mara 12, yaani 156. Ifupisheni. Nne juu ya kumi na tatu, ile ile tuliyoanza nayo. Mfuko wa kijana haujabadilisha kitu, na ndivyo ilivyo kwa jirani yako mezani: kabla hajavuta, hujui kama atakuchukulia baraka au balaa.

Basi tofauti ya meza hizi mbili iko wapi? Kwenye mwendo. Mliopanda treni ya kwenda Tabora mnajua: Kazuramimba inasimama, Uvinza inasimama, Nguruka, Kaliua, Urambo, kila mahali kuna anayeshusha gunia. Meza ya watu saba ni treni hiyo. Yule wa kwanza anafikiri, wa pili anabadilisha pesa, wa tatu anasimulia. Kwa saa moja utagawiwa kama mara 60. Ukiwa peke yako na mgawaji mwepesi, mara 200 na kuendelea.

Anayecheza kila mkono, yaani kila mgao, kwa usahihi, mezani penye masharti mazuri, anaiachia kasino kama nusu ya asilimia ya dau. Dau la shilingi 5,000 linakugharimu wastani wa shilingi 25 kila mkono. Meza iliyojaa: 1,500 kwa saa. Peke yako: 5,000 kwa saa. Anayecheza kwa hisia huacha asilimia 2 hivi, kwa hiyo zidisha kwa nne. Yule mzee aliyehama kwa hasira alikwenda kwenye meza tupu. Alihamia kwenye bei ya juu.

Kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kuitafuta meza tupu: anayehesabu karata. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha kitabu kuonyesha kwamba karata zilizokwisha kutoka zinaeleza zilizobaki, na ree na kumi zikibaki nyingi faida huhamia kwa mchezaji. Mwenye faida anataka mikono mingi kwa saa, kama vile kasino inavyotaka. Kasino zikajibu kwa kuunganisha seti sita au nane za karata na kuzichanga mapema. Wanaohesabu tuliwafahamu kwa macho yao, hawakuangalia karata zao tu.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza, na swali lake ni zuri kuliko mazungumzo yangu. Anasema Kigoma hii vijana hawaendi kasino, wanacheza kwenye simu. Je, huko meza imejaa au tupu? Tupu, mama. Tupu kuliko zote. Hakuna wa Uvinza wala wa Nguruka. Bonyeza kila sekunde kumi, umecheza mara 360 kwa saa. Kijana wako atasema, mimi naweka buku tu. Buku mara 360 ni shilingi 360,000 zilizopita mezani. Hata akicheza bila kosa, kwa masharti yale yale, nusu ya asilimia yake ni 1,800. Yule wa dau la 5,000 kwenye meza iliyojaa, tumemkuta na ngapi? Elfu moja na mia tano.

Mama anauliza tena: na huyo mgawaji wa kwenye simu, anakwenda kula saa ngapi?

Haendi, mama. Mimi nilikuwa nabadilishwa kila baada ya muda, nakwenda kunywa chai, na mteja anapata nafasi ya kuhesabu pesa zilizobaki mfukoni.