Nyonga ya Afande kabla ya kisu

SISTA: Jambo, Afande.

AFANDE: Jambo, Sista. Na jambo kwenu nyote mlioko Mbale, Jinja, Kampala, mpaka huko juu Kapchorwa mnakokimbia kama mnafukuzwa na mvua.

SISTA: Wiki iliyopita kwenye kipindi hiki cha wakimbiaji tuliahidi kuzungumzia viatu. Viatu vitangoja. Mwenzangu ana habari.

AFANDE: Baada ya wiki 5 naingia chumba cha upasuaji, nabadilishwa nyonga ya kulia. Nina miaka 66, na nimekimbia tangu 1972.

SISTA: Hiyo 1972 tunajua inaelekea wapi.

AFANDE: Sasa nisimtaje? John Akii-Bua, Mganda mwenzetu, Olimpiki ya Munich, mita 400 kuruka viunzi! Njia ya 1, ile ya ndani ambayo hakuna anayeitaka, na akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Na alikuwa polisi! Mimi ni mtoto wa miaka 13. Kijijini kwetu hakuna ua uliobaki salama, tuliruka zote.

SISTA: Haya, turudi kwenye nyonga.

AFANDE: Ilianza miaka 4 iliyopita, lakini mimi nilishtaki goti. Mwaka mzima napaka goti dawa.

SISTA: Hilo nimeliona wodini mara nyingi. Nyonga inaumwa, goti ndilo linalolia. Au maumivu yanakaa kwenye kinena, mtu anadhani ni ngiri.

AFANDE: Eksirei ndiyo iliyosema ukweli. Nyonga ya kushoto ina nafasi kidogo kati ya kichwa cha mfupa na kikombe chake. Ya kulia, hamna. Gegedu, ile tabaka laini kati ya mifupa, limeisha, mfupa unasaga mfupa. Lakini kilichonivunja moyo ni soksi, Sista. Naiweka sakafuni, naifungua mdomo kwa fimbo, nauvizia kwa vidole vya mguu kama mtu anayetega panya. Mjukuu wangu akaniona. Akaja, akanivisha bila kusema neno. Siku hiyo nikampigia daktari.

SISTA: Na majirani wanasema mbio ndizo zilizokuharibu.

AFANDE: Wote! Hata wasiowahi kukimbilia teksi.

SISTA: Wodini kwetu wamelala makarani waliokaa kitini maisha yao yote. Kuna umri, kuna uzito, kuna jeraha la zamani, kuna kurithi. Na kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi: damu haifiki kwenye kichwa cha mfupa, kinakufa, na mgonjwa ni kijana mdogo kabisa. Kwa hiyo tusiwatishe watu na viatu vyao.

AFANDE: Waeleze wanachokwenda kunifanyia, mimi nikieleza naogopa.

SISTA: Wanakata kile kichwa kilichochakaa, wanatia mhimili wa chuma ndani ya mfupa wa paja, juu yake tufe, na kwenye nyonga kikombe kipya chenye plastiki ngumu. Mwingereza John Charnley ndiye aliyeiweka sawa kazi hii miaka ya 1960.

AFANDE: Fundi wa boda angesema wanabadilisha beringi.

SISTA: Asingekosea sana. Sasa niambie, unajiandaaje?

AFANDE: Kama mashindano. Kila asubuhi nalala chali, nakaza paja nikihesabu mpaka 5, naachia. Nakaza makalio. Nakunja magoti, nainua kiuno. Halafu mikono, maana magongo ni kazi ya mikono.

SISTA: Umeshayapima?

AFANDE: Yanaingia vizuri kwapani.

SISTA: Hapo ndipo wengi wanapokosea! Yasibanane na kwapa. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu, uzito uende kwenye viganja, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ukisimama mikono imening'inia. Kwapa likibebeshwa mwili, mishipa ya fahamu inaumia na mkono unakufa ganzi. Na ngazi?

AFANDE: Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia pamoja na magongo.

SISTA: Vizuri. Na zile dawa zako za maumivu za mfukoni, diklofenaki?

AFANDE: ...Nani kakuambia?

SISTA: Wakimbiaji wazee wote wanazo. Mwambie daktari, Afande. Zinaweza kuongeza kutokwa damu, zinachokoza figo na tumbo. Mtaje pia yule mama wa dawa za mizizi. Upimwe presha, sukari na wingi wa damu. Jino bovu litibiwe mapema, maana vijidudu vya mdomoni vinaweza kupita kwenye damu vikaenda kukaa kwenye chuma kipya. Na usijinyoe nyongani nyumbani! Wembe unaacha vidonda vidogo, na upasuaji unaweza kuahirishwa.

AFANDE: Sawa, mkuu wangu.

SISTA: Ukitoka hospitali unaenda wapi?

AFANDE: Kijijini. Hewa safi, matoke, kimya.

SISTA: Choo kikoje?

AFANDE: Cha shimo. Nyuma ya migomba, chini kidogo ya mteremko.

SISTA: Cha kuchuchumaa.

AFANDE: Cha kuchuchumaa.

SISTA: Basi sikiliza. Kwa wiki za mwanzo, mara nyingi 6 hadi 12 kutegemea upande walikopasulia, utaambiwa usikunje nyonga kupita nyuzi 90. Kuchuchumaa kunapita mbali. Nyonga mpya inaweza kuchomoka, na itachomoka usiku, kwenye matope, umeshika tochi kwa meno. Huo ndio mtihani wako. Magongo na mazoezi umeshaweza.

AFANDE: Nimefikiria hilo. Fundi seremala anatengeneza kiti chenye tundu, nitaweka ndoo chini, ndani ya nyumba.

SISTA: Kimo?

AFANDE: Kama hiki nilichokalia.

SISTA: Hebu angalia magoti yako. Yako juu ya nyonga. Kiti kiwe kirefu mpaka magoti yawe chini ya nyonga, na kiwe na mikono ya kujiinulia. Kitanda pia. Na boda usahau kwanza.

AFANDE: Na mbio? Sema ukweli.

SISTA: Kutembea, kuogelea, baiskeli, karibu madaktari wote watakubali. Mbio wanabishana, kwa sababu ile plastiki inasagika. Muulize anayekupasua, na umuulize kabla, si baada.

AFANDE: Nilimuuliza. Akaniuliza, unataka kukimbia, au unataka kuvaa soksi?

SISTA: Ukajibu nini?

AFANDE: Nikanyamaza, kwanza. Kisha nikamwambia soksi. Samahani, simu... Ndiyo, fundi? ... Anauliza tundu liwe la mraba au la duara.

SISTA: Duara! Na mwambie apige msasa vizuri.